Inua Sindano Kwanza

Alikuwa mtu wa kuchoka. Sisemi alikuwa mvivu, maana mvivu huchoka kabla ya kazi, na yeye alichoka ndani ya kazi na bado akaimaliza. Aliingia hotelini mwangu pale Kitale, akaweka sanduku lake la vyuma kando ya mlango, akaketi, akatoa pumzi moja ndefu, ndipo akaomba chai. Mafundi walikuwa wengi mjini, wa saa, wa baiskeli, wa viatu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtaja yule wa santuri.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne, nilichokodi kwa Singasinga mwenye duka la vitambaa. Umeme ulitoka kwake, ukapita dirishani kwa waya mmoja mpaka kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa ameninunulia santuri ya umeme kwa mzungu wa shamba aliyekuwa akirudi kwao, na baadaye akapata kwa mtu mwingine kabisa spika ya sanduku, yenye mashine yake ndani, inayokula umeme wake yenyewe. Vitu hivyo viwili havikuelewana hata siku moja. Ulipoviunganisha, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, spika ilinguruma. Fundi alivitazama mara ya kwanza akasema ni mke na mume waliounganishwa na watu bila wao kuulizwa. Hakucheka aliposema hivyo. Sisi ndio tulicheka.

Alitoka upande wa Bungoma, kama mimi, na aliniita mayi, kama kwetu tunavyowaita akina mama. Kazi ya waya alijifunzia jeshini wakati wa vita, na hilo nililijua kwa kuambiwa na wengine, kwa sababu mwenyewe hakupenda kulizungumza. Alivaa koti la kijeshi lililokwisha rangi kwa mvua na jua, na mfuko wake wa kushoto ulikuwa na sindano za santuri ndani ya kikopo cha dawa ya kifua. Ukimwona akitembea, kile kikopo kikilia, ungedhani ni mganga. Na kweli alikuwa na maneno ya kiganga. Alisema kelele ina kwao, na ukipajua kwao unairudisha. Ngurumo kwao ni ardhini. Ile ya kukaanga, kama mafuta yenye maji, kwao ni waya uliolegea. Ile ya mbu kwao ni kwa jirani mwenye mota.

Ile ya mbu ilinipata mwaka wa kwanza. Kila asubuhi wateja wa chai ya pili walipokaa, spika ilianza kulia sauti nyembamba mpaka saa sita, kisha ikanyamaza. Mimi nilikuwa tayari kumwita mchungaji. Fundi alikunywa chai, akasikiliza, akatoka nyuma ya jengo, akarudi akasema ni kinu cha posho. Hakugusa mashine yangu hata kidogo. Alihamisha waya kutoka ukuta wa nyuma kwenda ukuta wa barabarani, akaondoka, na mbu akafa. Nilipomuuliza kwa nini hakuanza kwa kufungua sanduku kama mafundi wengine, alisema mafundi wengine wanapenda bisibisi zao kuliko masikio yao.

Alipofanya kazi, watu wote walinyamaza. Aliwataka hata wateja waache kukoroga chai. Nimewaona wanaume wa stesheni, watu wa kubishana tangu asubuhi, wamekaa na vijiko hewani wakimwogopa mtu mmoja mwembamba. Kisha alisema neno lake, lile lile kila siku, kila nyumba: "Inua sindano kwanza."

Maana yake ni rahisi, na alimfundisha kila mtu aliyekuwa na santuri kuanzia Kitale mpaka Lwakhakha. Sahani ya muziki inazunguka, spika inapiga kelele. Inua sindano. Kama kelele imebaki, iko kwenye waya au mashine, na hapo kazi inaanza. Kama kelele imekufa, imo ndani ya sahani yenyewe, na hakuna fundi atakayeitoa. Baada ya hapo alichomoa kitu kimoja, akasikiliza, akakirudisha, akachomoa kingine. Hakugusa viwili kwa pamoja. Ukigusa viwili mgonjwa akapona, alisema, hujui dawa ilikuwa ipi, na kesho akiugua tena utakuwa mjinga yule yule.

Dawa ya ngurumo ilikuwa chuma. Alikuwa na vyuma vya urefu wa mkono, vilivyochongoka, na alikipigilia kimoja nje ya ukuta wako mpaka kikabaki kichwa tu, akakifunga waya, akauvuta waya kupitia dirishani mpaka kwenye tumbo la santuri. Kelele ikashuka ardhini. Lakini ardhi ya kiangazi haipokei kitu. Vumbi la Januari likianza, ngurumo ilirudi, na ilibidi chuma kinyweshwe. Kwa hiyo Fundi hakumaliza chai yake kamwe. Aliacha kiasi cha vidole viwili, akatoka nje, akamwagia chuma. Nami niliamriwa maji ya kuoshea vyombo nisiyatupe barabarani. Nilifanya hivyo miaka mingi, na majani yaliota pale kwenye chuma mazuri kuliko ya bustani ya Singasinga, naye alilalamika.

Na hivyo vyuma vilimletea taabu. Siku zile watu wa kwetu walikuwa na wasiwasi juu ya mashamba. Wapimaji wa serikali walipita na vigingi, na mtu aliyelala na ekari zake aliweza kuamka na kigingi katikati ya mihogo. Sasa fikiria mgeni mwenye koti la kijeshi anaingia uani kwako na nyundo, anapigilia chuma ardhini bila kusema neno. Kwenye harusi moja babu wa bwana harusi aliking'oa chuma akakikalia. Spika ikaanza kunguruma katikati ya wimbo, Fundi akafuata waya wake mpaka chini ya makalio ya mzee. Mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko harusi yenyewe. Kwingine walikitupa mtoni. Kwingine mama mmoja alikichukua kufungia mlango. Alipotuhadithia mambo haya tulicheka mpaka machozi, na yeye alitutazama tu, akangoja tumalize.

Kwa sababu hiyo, alipoitwa kwenye sherehe, hakukaa na mashine. Alikaa nje, peke yake, kando ya chuma chake, sahani ya pilau magotini. Watu walimtania kwamba amekuja kuchunga kigingi. Mimi pia nilimtania. Niliona ni ukaidi wa uzee.

Tena hakupenda muziki. Hili liliwashangaza wengi. Mtu aliyekuwa anaziponya santuri za wilaya mbili hakuwa na santuri, na nina hakika hakuweza kutofautisha wimbo na wimbo. Nilimuuliza siku moja anasikiliza nini basi, ameinamisha kichwa vile. Akasema anasikiliza chini ya wimbo. Alikuwa mzee wa kanisa, hakunywa, hakucheza, lakini Jumamosi alitengeneza spika ya dansi na Jumapili ya mahubiri, na alisema zote mbili zinanguruma sawa.

Na alikuwa na ulimi mkali wa ukweli. Mwalimu mmoja alimletea redio aliyoachiwa na baba yake, ameibeba kifuani kutoka mbali. Fundi aliifungua, akaifunga, akasema, hii imekufa, nenda ukaizike. Mwalimu alisimama pale akipepesa macho. Nilimkemea Fundi alipobaki peke yake, nikamwambia angeweza kusema atajaribu. Akajibu kwamba fundi anayesema atajaribu, na anajua, ni mwizi wa siku za watu. Sijasahau maneno hayo, na nina sababu.

Sasa niseme juu ya sahani.

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa godauni pale stesheni, lakini mkono wake ulikuwa wa litungu, kinubi cha kwetu. Alizipiga nyuzi zile saba hata ukutani kwa vidole akiwa hana chombo. Mwaka mmoja alisikia kwamba kuna gari la kampuni ya sahani linapita Bungoma likirekodi wapigaji, limeegeshwa kwenye shule moja njia ya Kibabii. Akaomba ruhusa kazini akaenda. Alirudi kesho yake amefurahi kuliko siku ya ndoa yetu, akasema wimbo umeingia na mtu wa mashine amekubali. Miezi michache baadaye alishikwa na kichomi, na kwa wiki mbili akawa amekwisha. Sahani ilikuja baada ya mazishi. Nilitumiwa mbili, moja ikavunjika mikononi mwa shemeji yangu, na madukani haikuonekana tena. Marehemu mwenyewe hakuwahi kuisikia.

Niliipiga mara moja kwa juma, Jumapili baada ya kanisa, hoteli ikiwa imefungwa, kwa sababu sindano ni chuma na kila safari inakula kidogo. Na jinsi ilivyonguruma! Sahani nyingine, baada ya Fundi kuweka chuma chake, ziliimba safi. Hii ilinguruma tangu mwanzo mpaka mwisho. Wimbo niliusikia, litungu ni chombo cha nguvu. Kilichonitesa kilikuwa mwisho. Nyuzi zikiwa bado zinatetemeka, marehemu anasema kitu, kwa sauti ya chini, maneno mawili au matatu, na ngurumo inayafunika. Nilijua wapigaji wa siku zile walikuwa na desturi ya kutaja jina mwishoni, au kusalimu watu wa nyumbani. Nilibandika sikio kwenye spika mpaka kitambaa chake kikachukua mafuta ya nywele zangu. Nilitaka kujua kama alinitaja. Sikutaka kingine duniani, na nasema hivyo bila aibu.

Siku nilipompa Fundi sahani ile mara ya kwanza, aliigeuza, akasoma jina la mpigaji, akasoma tena. Aliuliza huyu ni nani wako. Nilipomwambia, alikaa. Kisha akaipiga, akasikiliza mpaka mwisho, akasema sauti ya huyu imerekodiwa chini, ndiyo maana unafungulia spika sana na kuamsha kelele ambazo sahani nyingine zinazifunika. Akasema atajaribu.

Alijaribu miaka sita. Kila mwezi alikuja. Alibadilisha waya, akaubadilisha tena. Aliweka chuma cha pili, kirefu zaidi, upande wa kivuli. Aliweka vipande vya mpira wa gari chini ya miguu ya santuri. Aligeuza plagi juu chini. Alisafisha sahani kwa maji na pamba kama anayemwosha mtoto mchanga. Alinikataza kumlipa chochote zaidi ya chai, na majirani wakaanza kusema ana nia na mjane. Singasinga alinipongeza kabisa. Nilipomweleza Fundi habari hizo, akasema yeye ana mke Bungoma ambaye anamchosha vya kutosha.

Jambo moja tu hakufanya miaka yote sita. Kwa sahani ile hakusema neno lake. Hakusema niinue sindano, wala hakuiinua mwenyewe. Ilizunguka mpaka mwisho, naye akakimbilia kuzima umeme. Mnaweza kuniuliza kama sikuona. Niliona. Nilikuwa na akili na mkono wa kuinua sindano, na sikuiinua, kwa sababu ilimradi Fundi alikuwa anakuja mwezi ujao, maneno ya marehemu yalikuwa bado njiani.

Kisha akaacha kuja. Mwezi ukapita, wa pili, vumbi likarudi. Mtu wa lori la mahindi akaniletea salamu kwamba Fundi hawezi kifua na ameomba nikipata nafasi nifike. Nilifunga hoteli siku mbili, nikapanda basi la kushukia Kimilili, nikalala kwa dada yangu, asubuhi nikaenda.

Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti cha kamba, koti lile lile mabegani, amepungua mpaka masikio yalionekana makubwa. Mkewe alinipokea vizuri, akaenda kuchinja kuku. Kando ya ukuta chuma chake kimoja kirefu kilikuwa kimepigiliwa ardhini na mbuzi amefungwa hapo. Nilisema angalau kimepata kazi. Akasema ndiyo, na hapa hakuna mtu wa kuking'oa.

Tulizungumza habari za Kitale, za kinu, za Singasinga. Kisha akauliza kama sahani bado inanguruma. Nikasema bado. Alifunga macho.

"Mayi," akasema, "ile kerere haiko kwa mashine yako."

Nikamuuliza iko wapi, ingawa nilikuwa tayari nimeshika ukingo wa kiti.

"Iko ndani ya sahani. Iliingia siku ya kurekodi. Mimi ndio nilikuwa nimevaa vitu vya masikio."

Alinieleza polepole, akipumzika kati ya maneno. Aliajiriwa na gari lile wiki tatu, kwa kazi ya waya. Mzungu mwenye mashine alikuwa amelala ndani ya gari ana homa, kila kitu kimeachwa kwake. Asubuhi ile chuma kiling'olewa na mzee wa shamba lililopakana na shule, aliyedhani shamba lake linapimwa. Fundi akaenda, akamwamkia, akamweleza, akarudishiwa. Saa sita kikang'olewa tena. Akaenda tena, akakaa kwenye kigoda, akaeleza upya. Mume wangu alikuwa mpigaji wa mwisho, mawingu yamefunga, watu wanakunja mikeka. Alipoanza tu, ngurumo ikaingia masikioni mwa Fundi, na alipogeuka alimwona mzee anaondoka na chuma begani, mara ya tatu. Angeweza kusimamisha wimbo. Angeweza kwenda.

"Nilichoka, mayi," akasema. "Nilikaa tu."

Nikamuuliza lile swali langu la miaka sita. Nikamuuliza mwishoni alisema nini.

Mkewe alipita na sufuria, akaingia jikoni. Mbuzi alizunguka chuma, akajifunga miguu.

"Aliniangalia, akaniuliza, 'Fundi, iko sawa?' Na mimi nikafanya hivi." Akainua mkono wake mwembamba, akaupunga, kichwa kikiitikia pamoja nao, kama mtu anayesema sawa, sawa, twende. "Nilitaka kukuambia alitaja wewe. Nani angekataa? Lakini nimekudanganya ya kutosha."

Nilikasirika. Kuna watu wanaosimulia mambo kama haya wakisema walisamehe palepale, mimi siwajui. Nilikasirika kwa sababu ya sahani, na kwa sababu ya miaka sita ya chai na mpira wa gari, na zaidi ya yote kwa sababu hakunidanganya mara moja ya mwisho, wakati uongo ungenifaa. Nikakumbuka marehemu alivyorudi amefurahi, mtu wa mashine amekubali. Furaha ile yote ilikuwa ya mkono ule. Kuku akaletwa. Kwetu huwezi kukataa kuku uliyechinjiwa, basi nikala, kimya, mpaka firigisi, naye akanitazama nikila.

Nilipoinuka kwenda, kikombe changu kilikuwa na chai ya vidole viwili. Nilikitazama, nikasogea mpaka pale kwa mbuzi, nikakimwagia chuma. Ilikuwa mazoea tu, nadhani. Fundi aliona. Mimi nikaenda kungojea basi. Sikumwona tena.

Jumapili iliyofuata nilifunga mlango wa hoteli, nikaweka sahani. Ngurumo ilikuwepo palepale. Sikusogeza sikio safari hii. Nilikaa kwenye kiti cha Fundi, karibu na mlango, nikasikiliza chini ya wimbo. Wimbo ukaisha, nyuzi zikatetemeka, na marehemu akauliza. Nilisikia kila neno, na sijui nilishindwaje miaka yote. Nikamjibu, mimi na vikombe vyangu tu mle ndani, kwamba haikuwa sawa, na kwamba yule mtu alikuwa amechoka. Kisha nikainua sindano, na chumba kikanyamaza.